Mchezo, nyota, hela au bega kwa bega? Njia nne za kuwavuta watoto kwenye kazi za nyumbani

Jumamosi saa tatu asubuhi, uani kwetu Tabata, kuna sufuria ya ukoko iliyolowekwa tangu jana usiku, beseni mbili za sare za shule, na watoto watatu ambao ghafla wote wamekumbuka kazi za darasani. Kama kwako mambo ni hayo hayo, karibu mkekani tuchague.

Siandiki kwa mzazi ambaye watoto wake wakiitwa mara moja wanaitika na kuinuka. Naandika kwa yule aliyefoka mpaka koo likakauka, akaahidi soda, akachora jedwali ukutani, na sasa hajui ashike lipi na aache lipi. Mimi nina wa kike wa miaka 12, wa kiume wa miaka 9, na kitinda mimba wa kike wa miaka 4. Kwao nimejaribu njia nne: kugeuza kazi kuwa mchezo, kuwapa nyota, kuwalipa, na kufanya nao bega kwa bega. Hakuna iliyogoma kabisa, na hakuna ambayo haikuniumbua mahali fulani.

Utauliza zamu iko wapi. Sikuihesabu makusudi. Zamu inajibu nani aoshe vyombo na lini, haijibu kwa nini mtoto ainuke pale alipokaa. Nyumba yenye mtoto zaidi ya mmoja inahitaji zamu hata ukichagua njia gani, kama vile inavyohitaji ufagio.

Tupime kwa nini

Nimezipima zote kwa maswali manne yale yale.

Umri: mtoto wa miaka minne na wa miaka kumi na miwili ni watu wawili tofauti, na kinachomfurahisha mmoja kinamwaibisha mwenzake.

Gharama: hela, ndiyo, lakini zaidi muda na nguvu za mzazi. Wengi wetu tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi giza limeingia, kwa hiyo muda ndio ulio ghali.

Ugomvi: je, njia hii inapunguza ugomvi wa ndugu au inauongeza? Na je, inawaacha wasichana na mzigo ule ule huku kaka yao akipiga danadana?

Siku ya kukosa: ile siku ambayo stika zimekwisha, mshahara umechelewa au mama yuko msibani Morogoro. Vyombo vitaoshwa?

Hili la mwisho nimelipa uzito kuliko mengine, na nina sababu. Mtoto hazaliwi akikimbia kazi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, walichapisha majaribio yao na watoto wa miezi 18. Mtu mzima anaangusha kitu na hakifikii, au mikono imejaa na mlango wa kabati umefungwa. Wengi wa watoto wale walikwenda kusaidia bila kuombwa na bila kupewa chochote. Mzazi yeyote wa huku angewaambia hivyo bila majaribio: mtoto akishajua kutembea tu, anakuja na ufagio unaomzidi urefu. Nasi tunasema, "Toka hapa, unanichelewesha." Miaka sita baadaye tunatafuta namna ya kumrudisha palepale tulipomfukuza.

Kwa hiyo kabla hujachagua dawa, utambue ugonjwa. Mtoto wako hataki, au hajui namna ya kufanya, au anaona anaonewa, au ni wewe usiyekuwa na nafasi? Haya ni manne tofauti, na njia hizi nne haziyatibu yote kwa nguvu moja.

Njia ya kwanza: mchezo

*Inavyokwenda.* Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, yaani kazi, hata iwe duni, ina faida kuliko mchezo mzuri. Mtoto wa miaka minne haoni tofauti ya viwili hivyo, na hapo ndipo pa kumkamatia.

Wengi tunaanza na mashindano: atakayemaliza kwanza! Nami nilianzia hapo, na wiki ya kwanza iliondoka na sahani mbili na glasi ya wageni. Mshindi alikuwa mmoja tu siku zote, yule mkubwa, na vijiko vilikuwa na utelezi wa sabuni. Nikageuza. Sasa hawashindani wao kwa wao, wote watatu wanashindana na kitu. Nguo zikunjwe kabla chai haijachemka. Viatu vyote vya kibarazani viwe na wenzake kabla mwadhini hajamaliza. Wakishindwa, wameshindwa na birika, hakuna wa kuchekwa.

Lakini kilichotuletea raha ya kweli ni vitendawili. Kuchambua mchele au maharage ni kazi ya macho na vidole, mdomo na masikio vimekaa bure. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Anayeshindwa kwa kawaida anaombwa mji, atatoa Tanga au Mwanza, ndipo aambiwe kuwa ni yai. Kwetu miji tumeiacha. Tunasema, "Nipe sufuria." Ukishindwa kutegua, umechukua sufuria moja kwenye beseni, utaiosha wewe. Jumapili iliyopita mimi niliondoka na nne, mojawapo ni ile ya ukoko. Jirani aliniambia nimeifanya kazi kuwa adhabu. Ningekubaliana naye kama mama angekuwa haoshi.

*Umri.* Miaka mitatu hadi minane au tisa hivi. Binti yangu mkubwa alianza kutuangalia kwa macho ya huruma, kama mtu anayewatazama wazee wakicheza muziki harusini. Alirudi mchezoni nilipompa kazi ya kutega vitendawili vigumu.

*Gharama.* Hela hakuna. Nguvu, nyingi, maana wewe ndiye mshereheshaji. Siku ambayo foleni imekumaliza, huna hata sauti ya kusema "Kitendawili".

*Ugomvi.* Ukiepuka kushindanisha ndugu, ni mdogo. Ukiwashindanisha, mdogo wao atalia kila siku, na ana haki ya kulia. Faida moja ya mchezo ni kwamba hauna jinsia: kijana wangu aliyekuwa akisema kuchambua mchele ni kazi ya wasichana sasa ndiye wa kwanza kuleta ungo, kwa sababu kwenye ungo ndipo penye vitendawili.

*Siku ya kukosa.* Mashindano yanakufa mchezeshaji akiondoka. Vitendawili havikufa. Nilirudi jioni moja nikawakuta wanategana wenyewe, maharage yamekwisha kuchambuliwa. Si kila siku, lakini niliwakuta.

*Inamfaa* mtoto mdogo ambaye hajaichukia kazi bado, na kazi fupi za kurudiarudia. Haifai kwenye jiko la mkaa, mafuta ya moto wala maji yanayochemka. Pale hapana mbio wala vichekesho.

Njia ya pili: nyota ukutani

*Inavyokwenda.* Kalenda ya ukutani, ile ya kupewa dukani mwezi wa kumi na mbili, kalamu nyekundu, na mstari wa kila mtoto. Kazi ikifanyika anachorewa nyota. Nyota kadhaa zinaleta kitu. Tuliona mapema kwamba pipi si zawadi nzuri, inaisha dakika mbili na inaleta meno mabovu. Kinachodumu ni kuchagua: mwenye nyota kumi anachagua chakula cha Jumapili (chapati, siku zote ni chapati) au anashika rimoti jioni ile.

Wiki mbili za kwanza nyumba iling'aa. Wiki ya tatu, wa kati alikuwa nyuma kwa nyota sita, akapiga hesabu, akaona hafikii, akaacha kabisa. Nani angemlaumu? Tukaunganisha. Badala ya mistari mitatu, kopo moja la kioo mezani: kila kazi ikikamilika, punje moja ya haragwe inaingia. Kopo likijaa, wote twende ufukweni Kigamboni. Likajaa kwa kasi ya ajabu. Nikaja kugundua kwamba mfuko wa maharage wa jikoni nao unapungua. Sasa tunatumia vizibo vya soda, na ninavitunza mimi.

Kuna jambo moja la kujua kabla hujanunua stika. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe mwekundu kama watachora. Kundi la pili lilipewa cheti hicho hicho kwa kushtukizwa, baada ya kuchora. La tatu halikupewa kitu. Siku zilipopita na kalamu zikarudishwa darasani, walioahidiwa walizigusa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupoteza hamu.

Mimi nimetoa humo mambo mawili. Kazi ambayo mtoto anaipenda tayari, usiichoree nyota, utaiua. Kitinda mimba wangu anapenda kuanua nguo, basi naye aachwe aanue. Nyota ziende kwenye kile wanachokikimbia, kwetu ni kuosha choo na kusugua masizi. La pili, zawadi ya kushtukiza haina madhara ya ile ya ahadi. Baada ya Jumamosi nzito, leta miwa au mahindi ya kuchoma bila kuwa umesema neno.

*Umri.* Mitano hadi kumi. Chini ya hapo hawawezi kungoja wiki nzima, na juu ya hapo wanaona unawadharau.

*Gharama.* Kalamu moja. Ila inadai uaminifu wa mzazi: ukisahau kuchora siku mbili, jedwali limekufa. Nimeona nyumba nyingi zenye jedwali lililokomea tarehe tisa.

*Ugomvi.* Mkubwa, kama kila mtoto ana mstari wake. Ukiweka kopo la pamoja unapungua, lakini wanaanza kuchungana: "Mama, huyu hajaweka kitu, anataka kwenda Kigamboni bure." Uzuri wake ni kwamba jedwali linasema wazi. Nilipolitazama mwisho wa mwezi wa kwanza niliona aibu: dada mtu alikuwa na kazi mara mbili ya kaka yake, na niliyepanga ni mimi.

*Siku ya kukosa.* Ni dhaifu hapa. Kazi inafanyika wiki kadhaa baada ya nyota kuondoka, kisha inapoa, isipokuwa kama katika muda ule imeshakuwa mazoea. Nyota ni za kuvusha mtu mto. Si za kumbeba safari nzima.

*Inamfaa* mtoto anayejua kazi lakini anaisahau au anaikwepa, na mzazi anayetaka kujenga zoea moja au mawili mapya kwa mwezi mmoja. Inafaa pia nyumba yenye dada wa kazi, kwa sharti kwamba dada naye apewe kalamu. Asipoweza kuchora nyota, watoto watamwachia sahani mezani kama kawaida.

Njia ya tatu: hela

*Inavyokwenda.* Mkono mtupu haulambwi. Niliweka bei: vyombo vya usiku shilingi 300, kudeki sebule 500, kutoa taka 200. Kila mmoja akapata kibubu chake.

Siku ya nne nilimkuta kijana wangu wa miaka 9 anaosha vyombo visivyo vya zamu yake, anaimba. Nikafurahi. Kumbe dada yake amempa shilingi 100 aoshe, yeye atakuja kwangu kuchukua 300. Nilikuwa nimezaa dalali. Baba yao alicheka mpaka akakaa chini, akasema biashara imewaingia, waache. Nami sikujua nimkemee au nimpongeze.

Siku kumi baadaye nilimtuma mmoja wao maji ya kunywa kwa bibi yake aliyetutembelea. Akasimama mlangoni, akauliza hiyo ni ya shilingi ngapi. Bibi hakusema kitu, na kimya chake nilikielewa.

Kuna kisa cha Israeli kinachofanana na hiki. Uri Gneezy na Aldo Rustichini, katika utafiti uliotoka mwaka 2000, waliangalia vituo kumi vya kulelea watoto ambako baadhi ya wazazi walichelewa kuwachukua watoto jioni. Vituo sita viliweka faini. Uchelewaji ukapanda, maana sasa kuchelewa kulikuwa na bei, na mwenye kulipa hana aibu. Faini ilipoondolewa, uchelewaji haukurudi ulipokuwa. Mtoto naye akishajua kuwa kuosha vyombo ni shilingi 300, ana haki ya kusema leo sina haja ya hizo 300. Utamjibu nini?

Wazazi wengi niliowauliza waliishia kwenye mpaka, nami nimeuchukua. Kazi za wajibu hazilipwi: kitanda chako, sahani yako, sare yako, zamu yako, kutumwa na mkubwa. Kazi za kibarua zinalipwa, zile ambazo ningemlipa mtu mwingine kuzifanya: kuosha gari, kusafisha banda la kuku, kupaka rangi geti. Tena wajibu si neno letu la nyumbani tu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa 1990, katika ibara ya 31 unataja kwamba mtoto, kwa kadiri ya umri na uwezo wake, ana wajibu kwa familia yake, na kuwasaidia wazazi wanapohitaji kumo.

*Umri.* Kuanzia minane au tisa, anapojua kuhesabu chenji. Kwa kijana wa miaka 13 au 14 hakuna njia inayoeleweka haraka kuliko hii. Kwa mdogo kabisa sishauri. Warneken na Tomasello walirudi mwaka 2008 na watoto wa miezi 20: waliokuwa wakipewa kitu kwa kusaidia walisaidia kidogo baadaye kuliko waliosifiwa tu au waliokaa bila kupewa lolote.

*Gharama.* Piga hesabu kabla ya kutangaza. Shilingi 1,000 kwa siku kwa kila mmoja wa watoto watatu ni kama 90,000 kwa mwezi. Kwa upande wa muda ndiyo nafuu kuliko zote, maana hela haihitaji wewe uwe na furaha.

*Ugomvi.* Hapa hela ina sifa ambayo sikuitegemea. Bei ukutani inafichua. Nilipoitazama orodha ya vibarua niliona vyote ni vya nje, na vya nje nilikuwa nimempa mvulana kwa mazoea. Dada yake alikuwa na kazi za jikoni, na za jikoni ni wajibu, kwa hiyo yeye afanye bure na kaka alipwe. Nilibadilisha siku hiyo hiyo. Gari sasa wanaliosha kwa kupokezana.

*Siku ya kukosa.* Mbaya. Mshahara ukichelewa, mgomo.

*Inamfaa* kijana mkubwa anayeomba hela ya vocha kila wiki, na mzazi anayetaka kumfundisha kuweka akiba na kutumia. Lakini hapo unafundisha hela. Vyombo ni kisingizio.

Njia ya nne: bega kwa bega

*Inavyokwenda.* Hakuna jedwali, hakuna bei. Unakaa kwenye mbuzi unakuna nazi, mtoto yuko karibu yako anamenya vitunguu saumu. Wewe unafua, yeye anasuuza, wa tatu anaanika. Mnaongea. Furaha yenyewe haitoki kwenye kazi, inatoka kwenye kuwa nawe peke yake kwa dakika ishirini, jambo ambalo mtoto wa kati, hasa, halipati kirahisi. Mambo ya shule ambayo mwanangu hakuwahi kuniambia nikimuuliza uso kwa uso, aliniambia tukikunja mashuka, yeye kashika ncha zake na mimi zangu.

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote, na imewahi kuangaliwa karibu na kwetu. Katika miaka ya 1950, kundi la watafiti wa Kimarekani wakiongozwa na John na Beatrice Whiting lililinganisha watoto wa jamii sita za nchi mbalimbali, na mojawapo ilikuwa Nyansongo, kwa Wagusii wa Kenya. Watoto wa Nyansongo walibeba kazi nyingi za familia: wadogo zao, kuni, maji, mifugo. Pia walijali na kusaidia wengine kuliko watoto wa mji wa Marekani uliokuwa kati ya jamii hizo sita, ambao kazi zao zilikuwa kupanga chumba chao wenyewe. Sitamani mzigo wao kwa wanangu. Mtoto wa miaka mitano kulea mchanga kutwa si jambo la kusifia. Lakini ninalo swali la kujiuliza: kazi ninazowapa ni za nyumba, ambazo zisipofanyika kila mtu ataona, au ni za kuwashughulisha tu?

Carol Ember naye, mwaka 1973, alieleza juu ya wavulana wa Kijaluo nchini Kenya waliopewa kazi za ndani na za kulea kwa kuwa nyumba haikuwa na dada wa kuzifanya. Hawakuwa wagomvi na wababe kama wavulana wenzao. Nimemsomea mume wangu. Sasa naye anaonekana jikoni Jumamosi, na tangu hapo hoja ya "kazi za wasichana" imekosa wakili.

*Umri.* Wote, lakini hasa miaka miwili hadi sita, kabla mlango haujafungwa. Miwili, mitatu: kubeba vijiko, kutia nguo chafu kwenye tenga. Minne hadi sita: kupanga viatu, kuchambua, kufagia kona. Saba hadi tisa: vyombo visivyo na masizi, kudeki chumba. Kumi na kuendelea: kufua sare, kupika wali ukiwa karibu. Neno pia lina nguvu yake. Mwite "msaidizi wangu" badala ya kusema "njoo usaidie", uone anavyoinua kifua.

*Gharama.* Hela hakuna, muda ndio wenyewe. Kazi ya dakika kumi inakuwa ya nusu saa, unga unamwagika, na vitunguu vingine vinamenywa mpaka vinakwisha. Mzazi anayerudi saa mbili usiku asidanganywe kuwa ataweza hivi kila siku. Mara moja kwa wiki, kazi moja, mtoto mmoja, inatosha kuanzia.

*Ugomvi.* Mdogo kwenye kazi, mkubwa kwenye nani akae na mama. Mnapokezana.

*Siku ya kukosa.* Ndiyo njia iliyosimama vizuri kwetu, kwa sababu mtoto amejifunza kazi yenyewe na anajua kwa nini inafanyika. Ina udhaifu mmoja: wapo wanaozoea kufanya wakiwa na mtu tu. Kijana wangu akiwa peke yake na beseni la vyombo, utadhani kafiwa. Akipata wa kuongea naye, hata awe mdogo wake wa miaka minne, anaosha.

*Inamfaa* mtoto asiyejua kazi (na wengi tunaowaita wavivu hawajawahi kuonyeshwa namna ya kuosha sufuria lenye mafuta), na yeyote mwenye umri wa kutaka kuwa karibu nawe. Haimfai sana kijana wa miaka 14 ambaye kukaa na mama nusu saa ni adhabu. Huyo mpe kazi yake, mlango wake na muziki wake.

Kwa hali yako

Ukiwa peke yako na watoto, kazi inaanza alfajiri na kwisha usiku, anza na zamu na kopo la vizibo, kisha tenga Jumapili moja ya bega kwa bega. Mchezo uwe wa siku ukiwa na nguvu. Usijilaumu siku zingine.

Ukiwa na ndugu wanaogombana kila kazi, usiweke mistari ya nyota ya kila mmoja na usiwashindanishe. Andika kwanza nani anafanya nini kwa wiki moja, bila kubadili chochote. Pengine anayelalamika kuonewa anaonewa kweli.

Kijana mkubwa amerudi likizo kutoka bweni na analala hadi saa sita? Huko shuleni alikuwa akiamka kabla ya jua na kufagia eneo lake, kwa hiyo kujua anajua. Nyota zitamchekesha. Patana naye vibarua viwili vya kulipwa, na umwachie wajibu mmoja mzima, mathalani chakula cha Jumatano tangu kununua sokoni hadi kupakua, bila kumsimamia. Wali ukiungua, mtakula ukoko.

Mtoto aliyekwisha kuzoea kulipwa usimkatie ghafla. Weka tarehe, mwambie kazi zipi zinahamia kwenye wajibu na zipi zinabaki kibarua, na ulipe deni lote kabla ya siku hiyo. Akikudai shilingi 200 tu, atakumbuka hadi harusini kwake.

Mtoto anayesema hawezi, mwonyeshe mara tatu ndipo uchague njia yoyote. Mpe sabuni kiasi chake kwenye kikombe, dodoki lake, na kigoda cha kumfikisha kwenye sinki.

Na kama una wa miaka miwili ambaye bado anakimbilia ufagio kila ukiushika, huna haja na nyota wala hela. Mkatie ufagio wa chelewa uwe wa kimo chake, umwachie kona moja iwe yake, na usiifagie tena yeye akikutazama.